Krimu ya mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) na vitamini E, gramu 100

Pima kwa uzito, si kwa kijiko. Mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01 inatosha.

Sufuria ya kwanza: maji yaliyokenekwa 71.2, gliserini 5, EDTA 0.1. Ya pili: mafuta ya nazi 8, mafuta ya ufuta 7, nta ya krimu (ile inayounganisha maji na mafuta) 7. Nta ya nyuki peke yake haishiki maji. Alizeti achana nayo, inavunda upesi. Maji ya kisima nayo yaache: yana madini, na chembe ya chuma au shaba inatosha kuharakisha kuvunda. EDTA kazi yake ni kuyafunga hayo.

1. Pasha sufuria zote mbili hadi nyuzi 75. Mimina mafuta kwenye maji, piga kwa mashine ya mkono dakika tatu.

2. Weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi, koroga mpaka ishuke chini ya 40. Joto la kwetu huchelewesha kupoa.

3. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Tia vitamini E 0.5, lakini soma kibandiko kwanza. Ikiandikwa "asetati", hiyo hailindi mafuta yaliyo ndani ya chupa. Inasubiri ngozi iibadilishe. Unataka tokoferoli, yaani vitamini E yenyewe, nzito, rangi ya asali. Usizidishe kwa kudhani utapata kinga zaidi: ikiwa nyingi mno, inaweza kuchochea uharibifu uleule unaoukimbia. Kisha mafuta ya makonyo 0.2. Yujenoli iliyomo ni antioksidanti (kizuia kuvunda) nzuri, ila huwasha, 0.5 ya mafuta haya ndiyo mwisho, na watoto wachanga wasipakwe kabisa. Tumia kitoneshi cha kioo, maana yujenoli hula baadhi ya plastiki. Kisha fenoksietanoli 1, hiki ndicho kihifadhi cha kuzuia bakteria na ukungu. Msiniambie karafuu inatosha kuzuia ukungu: antioksidanti inazuia mafuta kuvunda, bakteria na ukungu ni habari nyingine, na krimu hii ni maji zaidi ya theluthi mbili.

4. Pima pH (kiwango cha uchachu), iwe 5 hadi 5.5. Ikizidi, tia maji ya asidi ya sitriki tone kwa tone.

5. Jaza chupa ya pampu, isiyopitisha mwanga. Kopo la mdomo mpana huingiza hewa na vidole kila siku.

Jaribu kwanza ndani ya kiwiko, subiri saa 48. Juani krimu hii haichukui nafasi ya losheni ya kukinga jua.