Vile utatumia muvi za kuchekesha kueleza watu serikali ikiruka deni inakuwaje

Ukitangaza semina ya deni la taifa pale Kondele, Kisumu, watakuja watu wanne, na wawili wao wamefuata soda. Tangaza badala yake kuna muvi ya kizamani ya kanchi kamefilisika kakaamua kuanzisha vita na Marekani makusudi kashindwe ndio kasaidiwe, uone vile watu watajaa hadi mlangoni. So kama uko na projekta, ama unajuana na mwenye kibanda cha video Nyalenda au Manyatta, ama chama chenu kimechoka na mikutano ya kusoma minitsi, fanya hivi. Nakuru na Kakamega pia itaenda tu.

Kwanza amua unataka watu watoke na nini, juu ukienda na mambo kumi hakuna hata moja litaingia. Mimi naona ni hili: nchi haifungwi. Hakuna siku utaamka upate Kenya imepigwa kufuli. Pesa zikiisha, mtu mahali fulani anakaa na karatasi anaamua nani atalipwa na nani ataambiwa angoje, na mara nyingi anayeambiwa angoje ni yule hana wakili London. Muvi zote nimezitaja hapa nimezichagua juu ya hiyo foleni ya kulipwa. Zile za mabroka wa Wall Street wakipiga kelele kwa simu achana nazo, watu watapenda suti na waondoke bila kitu.

Matayarisho hayana mambo mengi. Usipange siku ya mechi kubwa, hautapata mtu hata ukigawa njugu bure. Stima inaweza potea saa yoyote, kwa hivyo laptop iwe na chaji na utafute spika ya betri. Kuonyesha muvi hadharani kuna sheria zake, pitia KFCB, ile bodi ya filamu ya serikali, mapema uulize ruhusa, haswa kama utatoza kiingilio. Na tafuta mtu wa mdomo, huyo ni muhimu kuliko projekta, juu kuna muvi hapa za Kiwolof na Kispanyola na hakuna mtu Kisumu atasoma maandishi ya chini saa mbili mzima. Akae na maiki atafsiri papo hapo mtindo wa DJ Afro, achanganye na Kijaluo kidogo akitaka, lakini mwambie asiongeze mapigano mahali hakuna. Gawa hii kitu usiku mbili.

Usiku wa kwanza

Anza na Duck Soup ya 1933, ya ndugu wa Marx, ni fupi, saa moja na dakika kadhaa tu. Kuna nchi inaitwa Freedonia, hazina imekauka, na kuna mama tajiri mjane anaitwa Teasdale ashakopesha hiyo serikali zaidi ya nusu ya mali bwanake alimwachia. Sasa wamerudi wanataka dola milioni 20 zingine. Mama anasema sawa, lakini rais awe Rufus Firefly, ambaye ni mtu wa masihara tupu. Simamisha hapo hapo. Uliza watu, huyu mama kwetu ni nani? Mmoja atasema IMF, mwingine China, mwingine atasema omera huyu ni yule shailoki wa Kibuye. Waache wabishane kiasi, halafu uwaonyeshe vitu viwili: ashaingiza pesa mingi sana hadi nchi ikianguka anaanguka nayo, so lazima aendelee kukopesha, na hatoi bila sharti. Hapo ushaeleza mambo ya masharti ya wakopeshaji na hujatumia neno moja la uchumi.

Endelea hadi kwa kikao cha mawaziri. Firefly anapewa ripoti ya Hazina, anasema hii hata mtoto wa miaka minne ataielewa, halafu anaagiza aletewe huyo mtoto juu yeye mwenyewe haelewi kitu. Wakicheka, toa ripoti ya deni ya Hazina yetu wenyewe ukiwa umeichapisha kurasa mbili tatu, mpe mtu mwenye sauti asome aya moja. Kicheko kitakuwa kikubwa kuliko cha muvi. Kisha andika kwa ubao namba moja pekee: katikati ya 2025 deni la Kenya lilikuwa limepita shilingi trilioni 11. Gawanya kwa watu wote wa nchi na watoto wachanga ndani, kila mmoja anabeba zaidi ya laki mbili. Futa ubao uendelee, usiwapige namba nyingine juu ya hiyo.

Kwa hicho kikao pia kuna mahali wafanyikazi wanataka masaa ya kazi yapunguzwe na Firefly anasema sawa, tutaanza na saa yenu ya lunch. Hapo usiseme kitu.

Ya pili ni The Mouse That Roared ya 1959, Peter Sellers anaigiza watu watatu, hata Duchess ni yeye. Hii usiikawize. Kuna kanchi kanaitwa Grand Fenwick, kanauza nje kitu kimoja tu, mvinyo, kampuni ya California inatoa mvinyo wa kuiga na wa bei rahisi, basi mapato yamekwisha. Wanatuma wanajeshi wa mishale New York wakashindwe, wanafika wanapata mji mtupu juu ya zoezi la kujikinga na mabomu, wanashinda kwa bahati mbaya. Unachotaka hapa ni ule mvinyo. Deni la nje linalipwa kwa dola, na dola hazichapishwi Nairobi, zinatoka kwa kile unauza nje. Zambia ilikuwa inategemea kopa, na Novemba 2020 ikashindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5 tu kwa bondi yake, yaani karatasi ya mkopo serikali huuzia wenye pesa, ikaingia kwa mazungumzo ya kupanga madeni upya, na wenye bondi walimalizana nayo 2024. Kwetu ni chai, maua, watalii na pesa za watu wetu walio majuu.

Hapo ndio mahali pa kuleta ile Eurobond, bondi yetu ya dola iliyouzwa nje, juu kila mtu ashasikia jina na hakuna anayejua ilifanya nini. 2014 Kenya ilichukua dola bilioni 2 za kulipwa Juni 2024, riba 6.875 kwa mia. Mwanzo wa 2024 watu walikuwa wanaogopa tutashindwa, shilingi ikaenda hadi karibu 160 kwa dola, na kila mtu anayenunua mafuta au mitumba alisikia. Februari serikali ikakopa dola bilioni 1.5 mpya kwa riba ya 9.75 kwa mia ikanunua sehemu kubwa ya lile la zamani, na shilingi ikarudi juu. Hatukudifolti, yaani hatukuruka deni, hiyo iseme wazi kabisa hata kama watu hawataki kusikia. Lakini tulinunua muda kwa bei ghali.

Mchezo wa foleni

Huu uweke katikati ya usiku wa pili kabla watu wachoke, mimi ndio naupenda kuliko muvi zenyewe. Kata karatasi nane: mwenye Eurobond wa London, benki ya China, World Bank, benki ya hapa yenye bondi za serikali, mwalimu, mstaafu, gavana, na supplaya aliyepeleka maharagwe shuleni. Kila karatasi iandikwe anadai vifuniko vingapi vya soda, jumla iwe kumi na nane. Chagua Waziri wa Fedha, ikiwezekana yule mtu mjuaji wa mtaa, mpe vifuniko kumi pekee.

Raundi ya kwanza ni kwa sheria. Kifungu cha 214 cha Katiba kinasema deni la umma linalipwa moja kwa moja kutoka kwa Mfuko Mkuu wa serikali, yaani ni vile Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, hukata yake kwanza kabla wewe ujione na pesa. Waziri alipe wakopeshaji wote wanne kwanza. Atabaki na vifuniko viwili vitatu mkononi na watu wanne mbele yake. Raundi ya pili afanye vile anataka, lakini kila anayerukwa anasimama aseme atafanya nini. London atasema naenda kortini. China atasema simalizii ile reli. Benki itasema sikopeshi tena, na hata wateja wangu nitawabana. Mwalimu atagoma. Gavana atafunga zahanati na kuita waandishi wa habari. Ukifika kwa supplaya wa maharagwe, mwangalie vizuri: hana kitu cha kutisha nacho. Atasema tu atarudi wiki ijayo kuuliza. Kwa hivyo kila waziri utakayeweka hapo, mkali au mpole, atamruka huyo.

Usieleze, watu watajionea wenyewe, na kama kuna mtu kwa chumba anadai serikali pesa za kazi ya 2019 atasimama aongee na usimkatize. Ongeza kitu kimoja tu cha ukweli: Aprili 2023 mishahara ya wafanyikazi wa serikali ilichelewa, na David Ndii mshauri wa rais wa uchumi akawauliza watu mtandaoni wachague, mishahara ama kudifolti.

Muvi za usiku wa pili

Tanguliza Hyènes ya 1992, ya Djibril Diop Mambéty wa Senegal. Ni kichekesho cha kuuma. Mji wa Colobane umefilisika, mama aliyefukuzwa zamani akiwa msichana amerudi, sasa wanasema ni tajiri kama World Bank, na ataokoa mji kwa sharti moja, wamuue Dramaan mwenye duka aliyemharibia maisha. Wote wanakataa kwa heshima kubwa. Halafu hao hao wanaanza kuja dukani kwa Dramaan kuchukua vitu kwa mkopo. Simamisha hapo, uso wa Dramaan ukiwa kwa kioo. Uliza: hawa wanatarajia kulipa na nini? Kimya kitaingia kwanza, halafu mtu mmoja atajibu. Serikali ikikopa ikitegemea pesa ambazo bado hazijaja, kuna mtu ashauzwa tayari na hajaambiwa, ni hivyo tu.

Funga na La odisea de los giles ya 2019, Ricardo Darín ndani. Wanakijiji wa Argentina wamechanga dola waanzishe ushirika wa nafaka, meneja wa benki anawashawishi waziweke kwa akaunti, kesho yake serikali inafunga kutoa pesa, kumbe meneja na wakili mmoja walishajua na wamezihamisha. Wanakijiji wanapanga kuziiba zirudi. Watu wa chama wataipenda sana hii juu wanajiona. Na kufungiwa pesa si utunzi: Desemba 2001 Waargentina walikuwa wanaruhusiwa kutoa peso 250 kwa wiki. Baadaye mwezi huo huo rais wa muda akatangaza hawalipi deni la nje, wabunge wakapiga makofi, na yeye mwenyewe hakumaliza siku kumi kwa kiti.

Watu wakienda kukojoa wape hii story ya bure. Oktoba 2012, miaka kumi na moja baadaye, meli ya matanga ya jeshi la Argentina, Libertad, ilizuiliwa bandari ya Tema kule Ghana juu mfuko mmoja wa Marekani uliokataa kupunguziwa deni ulienda kortini ukaishika. Mabaharia wengi wakarudishwa kwao, wachache wakabaki na meli hadi Desemba mahakama ya bahari ya kimataifa ikaamuru iachiliwe. Mtunzi akileta hiyo utamwambia amezidisha.

Ukimaliza mtu atauliza, sasa mimi na pesa zangu? Jibu bila kutisha. Ghana ilisimamisha malipo mengi ya deni la nje Desemba 2022, lakini kilichouma raia ni deni la ndani: wenye bondi waliambiwa wabadilishe na zingine za riba ndogo na muda mrefu, na wastaafu wakaenda kusimama na mabango nje ya wizara ya fedha, jaji mkuu mstaafu akiwa kati yao. Hapa kwetu NSSF, mabenki, bima na mifuko ya pesa wameshika bondi nyingi za serikali, kwa hivyo hata kama hujawahi kununua bondi uko ndani. Mwambie aulize sacco yake kwa mkutano wa mwaka pesa zimewekwa wapi. Pesa za benki zimekingwa na KDIC, shirika la serikali la bima ya akiba za benki, hadi shilingi laki tano kwa kila mwenye akaunti, hiyo ni ya benki kuanguka. Na kama mtu ameweka karo ya Januari kwa bondi ya miaka kumi, shida yake ni karibu zaidi kuliko deni la taifa.

Kutakuwa na wale wa tusilipe tuone watafanya nini. Usiwazime, wako na hoja, kuna madeni yalichukuliwa na hakuna anayeonyesha yalijenga nini. Warudishe tu kwa foleni, wachukue nafasi ya waziri, walipe vile wanaona, na supplaya wa maharagwe asimame tena mbele yao.

Na mtu akiuliza mbona hujaweka Bamako ya Sissako, ile ya 2006 World Bank na IMF wanashtakiwa ndani ya boma la watu, mwambie hiyo si ya kuchekesha ukitoa kile kipande cha makauboi wanapigana risasi Timbuktu, inataka usiku wake peke yake na watu walioshiba.