Somo: Damu ikivilia chini ya ngozi, muanzie kwa nani?

Wengi humtafuta daktari wa ngozi. Lakini mara nyingi ngozi haina kosa: mishipa midogo chini yake imepasuka na damu imevuja. Kwa hiyo anzeni na suali moja: umegongwa, au hukugongwa?

Umegongwa: siku ya kwanza funga barafu kwa kitambaa, ibandike dakika 10 hadi 15, kisha rudia. Usichue! Najua nyumbani mafuta hutoka mara moja, ila kuchua mapema huzidisha kuvuja. Baada ya siku 2 kanda kwa maji ya uvuguvugu. Rangi itageuka kijani, kisha manjano, na kwa kawaida huisha ndani ya wiki 2 hivi. Maumivu yatulize kwa paracetamol. Aspirini hufanya damu ichelewe kuganda.

Umeanguka kutoka juu: wachumaji karafuu wa Pemba, nisikilizeni. Aliyeanguka mkarafuuni akaumwa tumbo, akapata kizunguzungu au jasho baridi, akimbizwe hospitali hata kama ngozi haina alama. Bandama ikipasuka, damu humwagika tumboni.

Hukugongwa: tazama damu ya fizi au pua, hedhi iliyozidi, homa, na vidoa vyekundu visivyofifia ukivibonyeza. Ukiona kimojawapo, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, upimwe picha kamili ya damu, hasa chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda. Hata dengi huzishusha. Zikiwa chache, omba rufaa: hospitali ya Abdalla Mzee kwa walio Pemba, Mnazi Mmoja kwa Unguja. Anayehusika na tatizo hilo ni daktari bingwa wa damu.

MASUALI

Mama yangu ni mtu mzima, anatumia warfarini, na mikono inavilia ovyo. Aache dawa?

Asiache mwenyewe, dada. Ngozi ya uzeeni ni nyembamba, na dawa hiyo huchelewesha damu kuganda. Mpeleke kwa daktari aliyemuandikia, apimwe kasi ya kuganda, kipimo cha dawa kirekebishwe.

Mwanangu wa kiume anavilia magoti tangu aanze kutambaa. Alipotiwa jandoni damu ilichelewa kukata.

Usingoje, ndugu yangu. Inaweza kuwa hemofilia, yaani ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, ambayo mara nyingi mtoto huirithi kwa mama bila mama kuumwa. Muone daktari wa watoto, na umwambie habari ya jandoni kabla ya yote. Mpaka apimwe, asichomwe sindano ya msuli wala asipewe aspirini.