Nyumba ya kiwandani: muulize mama, pima njia, pima msingi

Mimi ni fundi mwashi, nimejenga kwa tofali hapa Tanga miaka 22. Dada yangu aliyeko Muscat alipoamua kumjengea mama nyumba ya kiwandani kiwanjani kwetu Sahare, mimi ndiye niliyesimamia. Ni maboksi matatu, kila moja urefu mita 6 na upana mita 2.4, yaliyotengenezwa Dar es Salaam na kuja kuunganishwa huku. Nayaandika haya kwa sababu watu wanaopita barabarani huingia kuniuliza, na wengi wameshalipa kabla ya kuuliza.

Anza na atakayelala humo. Nilimpelekea mama ramani, akaisogeza karibu na macho, akasema, "Mwanangu, nazi nitakunia wapi?" Jiko lilichorwa ndani, pamoja na sebule. Mama anapikia mkaa, na mbuzi yake anaikalia chini. Paneli nyingi za kuta hizi zina povu jeupe katikati, lile linalofungashiwa televisheni. Linazuia joto vizuri, lakini moto ukilifikia linayeyuka na kutoa moshi wa hatari. Jiko la mkaa halina nafasi ndani ya nyumba hiyo. Tukajenga jiko la nje kwa tofali, na ukuta unaolitazama tukaagiza paneli yenye sufi ya mawe, isiyoshika moto.

Swali lile lingekuja baada ya kiwanda kukata paneli, lingetugharimu. Nyumba ya tofali ukijuta unatoboa ukuta Jumamosi, Jumapili unapiga lipu. Hii kila tundu la soketi, la bomba, la dirisha, linaamuliwa kwenye karatasi. Kwa hiyo tulichora vyumba vyote kwa chokaa uani, kwa vipimo vyake halisi, tukaweka kitanda cha mama ndani ya mistari, naye akatembea. Mlango wa choo ulikuwa unagonga kitanda. Tukaugeuza ufungukie upande wa pili, tukasaini ramani mpya na kuandika tarehe.

Huku pwani usikubali paa la boksi peke yake. Ni chuma kilicholala juani. Tuliweka paa la pili juu yake, kenchi za mbao na bati, tukaacha nafasi ya nusu mita upepo upite katikati, na mabati tukayatoa nje mita 1.2 yawe kivuli cha baraza. Madirisha yatazamane, ili kaskazi na kusi zipate pa kuingilia na pa kutokea. Na chumvi ya bahari haina huruma: bolti ziwe zimechovywa zinki, na popote grinda ilipopita papakwe rangi ya zinki siku hiyohiyo.

Kibali cha ujenzi kinahitajika vilevile, hata kama nyumba inakuja juu ya lori. Peleka ramani halmashauri mapema.

Sasa msingi, na hapa mafundi wenzangu wanisikilize. Tulichimba nguzo 12 hadi kwenye mwamba wa matumbawe. Nyumba nzima ni mita 7.2 kwa 6, kwa hiyo kutoka kona hadi kona ya mkabala lazima upate mita 9.37, mishazari yote miwili. Mara ya kwanza nilipata 9.37 na 9.41. Kwa tofali, sentimita 4 lipu inazificha. Tundu la bolti lililotobolewa kiwandani halifichi chochote. Zege lilikuwa bado halijamwagwa, nikang'oa vigingi na kuanza upya. Usawa wa vichwa vya nguzo niliupima kwa mpira wa maji, maana maji husimama kimo kimoja kwenye ncha zake zote mbili, nguzo moja baada ya nyingine, asubuhi kabla ya jua kali.

Njia nayo ipimwe kwa miguu. Kitanda cha trela kilikuwa mita 1.5 kutoka ardhini, boksi mita 2.9, jumla 4.4. Nikakata mwanzi wa mita 4.6, nikaubeba wima kutoka barabara kuu hadi kiwanjani. Uligusa waya mmoja wa simu na tawi la mwembe wa mzee jirani. Nilimwendea baada ya Alasiri, nikamwamkia, nikamweleza. Tawi alilikata mwenyewe. Kuhusu kreni, uliza kwanza uzito wa kila boksi, na uliza itasimama umbali gani. Kreni ya tani 25 haiinui tani 25 mkono ukishanyooshwa. Na mchanga wetu wa Sahare unazama, kwa hiyo weka mbao nene chini ya miguu yake.

Kosa lililotuumiza lilikuwa la bomba. Kiwanda kilisogeza bomba la maji machafu ya bafuni sentimita 30 bila kutuambia, likashuka juu ya nguzo hasa. Tulilipindisha kwa viwiko viwili na kuhamisha chemba, siku tatu zikapotea. Nenda na tepu yako kiwandani kabla boksi halijapakiwa. Pima mabomba kutoka ukingoni, fungulia maji, jaza sakafu ya bafu, washa kila taa.

Malipo gawanya, na fungu la mwisho lisubiri mvua. Sisi tulisimamisha nyumba Februari. Masika yalipoanza, mvua ya upepo kutoka kusini iliingiza maji kwenye kiungo cha boksi la pili na la tatu, mstari mwembamba unaoshuka hadi sakafuni. Nilizungushia chaki, nikapiga picha, nikawatumia watu wa kiwanda. Fundi wao alikuja baada ya siku mbili, akakwangua silikoni ya zamani na kufunika kiungo chote kwa ukanda wa bati. Tulingoja mvua nyingine mbili, pakabaki pakavu, ndipo dada akatuma hela iliyobaki.