Somo: Nukta ya GPS ya Mkononi Inapohama, Tuanzie Wapi Kutafuta Chanzo?

Kabla hujagusa mpangilio wowote wa kifaa chako, jibu kwanza swali moja: je, nukta inayoonyesha mahali ulipo inatangatanga, au imehama? Nukta inayotangatanga huzunguka huku na huko ilhali wewe umesimama palepale. Iliyohama hutulia, ila mahali pasipo pake, na kila pointi unayopima hupotoka kwa kiasi kilekile na upande uleule. Ya kwanza hutokana na mawimbi ya setilaiti, ya pili karibu kila mara hutokana na mipangilio. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu niliwahi kupoteza siku mbili nikibadilisha betri na kuyalaumu mawingu, na kumbe visima vyote nilivyokuwa nimevipima vilikuwa vimehama kwa pamoja.

Hatua ya kwanza ni kukipima kifaa mahali penye anga wazi, kama Uhuru Park hapa Nairobi au katikati ya uwanja wa shule. Kiwashe, washa pia kipengele cha kurekodi njia, kisha kiache dakika 20 bila kukisogeza. Usikihukumu mapema: kipokezi huhitaji takriban sekunde 30 kupata taarifa za mzunguko wa kila setilaiti, na orodha kamili ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu kupokelewa, kwa hiyo kifaa kilichokaa kabatini miezi mingi kitayumba mwanzoni hata kikiwa kizima. Chenye antena bapa kilaze kikitazama juu. Chenye antena iliyochomoza kama kidole kisimamishe wima. Nukta zikikusanyika ndani ya mita chache, kifaa ni kizima na tatizo liko mahali unapofanyia kazi au kwenye mipangilio.

Hatua ya pili inawahusu wanaopima katikati ya jiji. Karibu na Times Tower au kwenye Kimathi Street, mawimbi hugonga kuta na vioo kabla ya kukufikia, na kwa kuwa kipokezi hukadiria umbali kutokana na muda wa safari ya wimbi, njia iliyorefushwa kwa mita 30 huongeza mita 30 kwenye umbali wa setilaiti hiyo. Sogea kwenye makutano ambako anga ni pana zaidi, washa GLONASS au Galileo, yaani setilaiti za Urusi na za Ulaya, ikiwa kifaa kinaruhusu, na upime pointi ileile mara kadhaa ukiachanisha saa moja au zaidi, kwani setilaiti zitakuwa zimesogea, kisha utumie wastani. Mpangilio wa EGNOS, mfumo wa Ulaya wa kusahihisha GPS, uzime tu. Mfumo huo haukuundwa kwa ajili ya eneo letu.

Hatua ya tatu, kukagua mipangilio, ndiyo iliyoniponyoka siku zile mbili. Ramani za Survey of Kenya za 1:50,000 zimechorwa kwa datamu (msingi wa kuhesabia mahali duniani) ya Arc 1960, ilhali GPS hutumia datamu ya WGS84, na hapa Nairobi tofauti ya hizo mbili ni karibu mita 300 kati ya kaskazini na kusini, na karibu mita 90 kati ya mashariki na magharibi. Chagua datamu inayolingana na ramani iliyo mkononi mwako, na uhakikishe kanda ya UTM (mfumo wa kuigawa dunia katika kanda za ramani) ni 37 Kusini. Kagua pia namna ya kuandika digrii, ambayo kila moja ina dakika 60: latitudo ya 1.286 ni digrii 1 na dakika 17.16. Anayeiingiza kama digrii 1 na dakika 28.6 atajikuta kilomita 21 kusini zaidi.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mbona asubuhi nukta hutulia, lakini saa mbili usiku huruka ovyo hata uwanjani?

Jibu: Tuko karibu na ikweta, na baada ya jua kuzama tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme huchafuka na kuyatikisa mawimbi ya setilaiti, hasa karibu na Machi na Septemba. Hapo hakuna cha kutengeneza. Rudia kipimo asubuhi.

Swali: Kifaa changu cha zamani kinaonyesha mwaka ulio nyuma kwa karibu miaka 20. Je, ndicho chanzo?

Jibu: Hesabu ya wiki za GPS ilirudi sifuri Aprili 2019, na vifaa vya zamani hukosea tarehe kwa sababu hiyo. Mara nyingi mahali hubaki sahihi. Tafuta programu mpya ya kifaa hicho.

Swali: Nimenunua ploti ya futi 50 kwa 100 na nashuku jirani amesogeza bikoni, yaani alama ya mpaka. Naweza kuthibitisha kwa GPS hii?

Jibu: Hapana, ndugu yangu, na nakusihi usijaribu. Hata penye anga wazi kifaa cha mkononi hukosea mita 3 hadi 5, na upana wa ploti yako ni kama mita 15. Kosa la mita 5 ni theluthi yake, nalo linatosha kukugombanisha na jirani asiye na hatia. Kitumie kuifikia ploti, kisha umwite mpimaji wa ardhi mwenye leseni aje na ramani ya upimaji na vyombo vyake.