Somo: Kusimamia jedwali la anwani za MAC kwenye swichi

Fremu (kifurushi kimoja cha data) inapoingia kwenye swichi, anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao) ya kifaa kilichoituma huandikwa kwenye jedwali pamoja na poti iliyopitia, kisha anwani ya mpokeaji hutafutwa humo humo. Isipoonekana, fremu humwagwa kwenye poti zote za VLAN hiyo (mtandao mdogo uliotengwa ndani ya swichi) isipokuwa ile iliyoingilia. Kwenye swichi za kampuni ya Cisco, anwani iliyonyamaza kwa sekunde 300 hufutwa. Mafundi wengi hukimbilia kubadili namba hiyo kabla ya kulisoma jedwali lenyewe, na mimi mwenyewe nimewahi kufanya hivyo.

Katika shule moja mjini Jinja nilikuta mtandao unakokota na taa za poti zote 24 zikipepesa kwa mpigo mmoja, hata ya kompyuta ya bohari, ambayo mwenyewe alikuwa ameondoka kwenda kunywa chai. Seva iliyopokea picha za kamera kutoka VLAN nyingine ilikuwa inapokea tu bila kujibu. Ruta iliikumbuka kwa saa 4, ambao ndio muda wa kawaida wa ARP (kumbukumbu ya ruta inayooanisha anwani za IP na za MAC) kwenye ruta za Cisco, lakini swichi iliisahau baada ya dakika 5, na kuanzia hapo picha zote zikamwagwa kila mahali.

Hatua ya kwanza ni kulisoma jedwali na muda wake:

show mac address-table dynamic vlan 20
show mac address-table aging-time

Ikiwa kifaa kinachopokea hakimo, ingia kwenye usanidi kwa configure terminal, kisha ufunge anwani yake kwenye poti yake:

mac address-table static 0011.2233.4455 vlan 20 interface gigabitethernet0/7

Vifaa vya namna hiyo vikiwa vingi, ni afadhali kuufanya muda wa VLAN nzima ulingane na ule wa ruta, yaani sekunde 14400:

mac address-table aging-time 14400 vlan 20

Toka kwa end, kisha uhifadhi kwa copy running-config startup-config. Usipohifadhi, umeme ukikatika usiku, asubuhi utaikuta swichi kama ilivyokuwa kabla hujaigusa.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, nimeihamishia seva poti ya 9, sasa haipatikani kabisa.

Swichi bado inazipeleka fremu zake poti ya 7 kwa sababu ndivyo ulivyoiamuru. Rudia amri ile ile ukitanguliza neno no, kisha uiandike upya kwa poti ya 9.

Je, nikiweka muda kuwa 0 ili anwani zisifutwe kamwe?

Inawezekana, ila sikushauri, hasa penye Wi-Fi ya wageni. Simu za Android 10 na kuendelea hutumia anwani za kubuni, kwa hiyo wageni wa mwezi mmoja watakuachia anwani nyingi zisizo na mwenyewe, na jedwali likijaa, fremu za kila anwani mpya zitamwagwa kote.

Ndugu, hapa kwetu Mbale anwani moja inarukaruka kati ya poti ya 3 na ya 11 kila sekunde chache.

Kama ni ya simu inayohama kutoka kifaa kimoja cha Wi-Fi hadi kingine, hilo ni jambo la kawaida. Kama ni ya kompyuta isiyohama, usiguse jedwali. Fuata kebo za poti hizo mbili kwa mkono, uchungulie hata chini ya meza, kwani huenda mtu amechomeka ncha zote mbili kwenye swichi ndogo moja.