Namna ya Kutembea kwa Miguu Kutoka Lindi Hadi Mtwara, Mkiwa Mke na Mume

Barabara ya lami kutoka Lindi mjini hadi Mtwara mjini ina urefu wa takribani kilomita 108, na wanandoa wenye afya ya kawaida wanaweza kuimaliza kwa miguu katika siku saba, mradi wakubaliane mapema kwamba mwendo wa safari ni mwendo wa yule anayechelewa. Mimi na mume wangu hatukulijua hilo siku ya kwanza. Yeye ana miguu mirefu, hivyo alikuwa akinitangulia, kisha anakaa chini ya mkorosho kunisubiri. Nami nilipomfikia, yeye alikuwa amekwisha kupumzika na anasimama ili tuendelee. Kwa hesabu hiyo alipumzika mara nyingi na mimi sikupumzika hata mara moja, na kabla jua halijatua nilikuwa simsemeshi. Kuanzia siku ya pili nilitangulia mimi, yeye akafuata nyuma, na ugomvi huo haukurudi tena.

Mikoa hii hupata msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, kwa hiyo safari ipangwe kati ya Juni na Septemba. Miezi hiyo upepo wa kusi utawapiga usoni mnapoelekea Mtwara, jambo linalochosha kidogo lakini linapoza mwili. Ndiyo pia miezi ambayo wakulima hupuliza salfa, dawa ya unga ya kuzuia ukungu, kwenye mikorosho, hasa alfajiri hewa ikiwa imetulia, basi kila mmoja awe na kitambaa cha kufunika pua, na macho yasifikichwe kwa mikono. Mwezi wa Ramadhani ukiangukia katika safari yenu, chakula cha mchana kando ya njia kitakuwa cha shida, na si adabu kula hadharani.

Wengi hutamani kufuata ufukwe moja kwa moja. Pwani hii imekatwa na mdomo wa mto Lukuledi, mikoko, na ghuba kama za Sudi na Mikindani, kwa hiyo atakayeshika njia ya mchanga lazima ajue saa za maji kujaa na kupwa, na asithubutu wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, bila kuwauliza wavuvi. Kwa safari ya kwanza shikeni barabara, mkitembea upande wa kulia ili myaone magari yanayokuja mbele yenu.

Ondokeni saa kumi na moja na nusu alfajiri, pumzikeni kivulini kuanzia saa tano hadi saa tisa, kisha mwendelee mpaka kabla ya magharibi. Kilomita 15 au 16 kwa siku zinatosha, na siku ya kwanza msijilazimishe kufika njia panda ya Mnazi Mmoja, kwa kuwa viatu bado havijazoeana na lami na malengelenge ya siku hiyo mtayabeba hadi mwisho. Mwenye kuhisi kiatu kinachoma aseme papo hapo. Mume wangu alificha lengelenge kwa siku nzima kwa sababu ya uanaume, tukapoteza siku nzima iliyofuata tukiliuguza.

Kila mmoja abebe maji yake mwenyewe, lita tatu au nne, ambazo ni kilo tatu au nne mgongoni. Mume akijitwika maji yote kwa huruma, mke atalazimika kumwita kila koo likikauka, na huruma hiyo itageuka kero. Fedha nazo zigawanywe mifuko miwili. Doti moja ya kanga haina mbadala: ni shuka, taulo, pazia la kuogea na kata ya mzigo.

Mahali pasipo na gesti, mwoneni kwanza mwenyekiti wa kijiji, mwamkieni kwa shikamoo ikiwa amewazidi umri, na mwelezeni mnakotoka na mnakokwenda. Nakala ya cheti cha ndoa si mzigo, nayo huwaondolea maswali. Mtakula muhogo, samaki, na ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, mkibahatika. Korosho iliyoanguka chini ya mti ina mwenyewe, hivyo msiiokote bila ruhusa.

Jiandaeni kuhurumiwa. Bodaboda watasimama kila mara, na bibi mmoja alituuliza, "Wajukuu zangu, gari limewaharibikia wapi?" Tulipomwambia kwamba tunatembea kwa kupenda, alimtazama mume wangu kwa muda mrefu, kisha akaniletea mimi kiti.

Kuhusu maneno yenu wawili, tuliweka sharti kwamba madeni, ada za watoto na mambo ya ndugu hayazungumzwi kabla ya kula. Tuliweka pia kwamba yeyote anaweza kusema "imetosha" na bodaboda ikaitwa bila lawama. Hakuna aliyelitumia neno hilo, lakini kulijua kulitupa nguvu ya kuendelea. Baada ya siku tatu maneno yalipungua yenyewe, tukawa tunatembea saa nzima kimya bila mmoja kumshuku mwenzake kwamba amenuna. Jioni tulikandana miguu kwa maji ya chumvi, kazi ambayo katika miaka 19 ya ndoa hatukuwahi kuifanya.

Mkifika Mikindani, laleni hapo, ingawa Mtwara mjini imebaki kilomita kama 10 tu na miguu itawadanganya kwamba inaweza. Mchana utakuwa umekwisha kuwala, na mji huo mkongwe, ambao mmisionari na mpelelezi David Livingstone aliupitia mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho, unastahili jioni nzima ya kukaa karibu na maji. Ingieni Mtwara asubuhi ya siku ya saba, huku anayechelewa akiwa bado mbele.