Chakula cha mchana sekondari ya kata: anzeni na mahindi, fedha baadaye

Mimi ni mkulima wa alizeti na mahindi huku Iramba, Singida, na huu ni mwaka wa sita nikiwa mjumbe wa bodi ya sekondari yetu ya kata. Ni shule ya kutwa. Wapo watoto wanaotoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, na zamani walikaa hadi saa tisa na nusu alasiri bila kutia kitu tumboni. Ukiingia darasani baada ya saa sita, vichwa vimelala juu ya meza. Nawaandikia wazazi wa kata nyingine wanaotaka kuanza.

Kwanza wazazi waelewe jukumu ni la nani. Januari 2016 ada ya sekondari za serikali iliondolewa. Kwa kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Wengi wakadhani na chakula kimo humo. Hakimo. Lisemeni hilo kwenye vitongoji kabla ya mkutano mkuu wa shule, maana mkutanoni huja wachache, na wale wenye pingamizi hubaki nyumbani. Kwetu mzee mmoja alisimama akasema, "Sisi tulisoma na njaa, tukamaliza." Mama mmoja akamjibu kwa adabu, "Shikamoo baba. Wewe shule yako ilikuwa hapo kwenye mbuyu. Mjukuu wako anapanda mlima mzima." Mzee aliketi. Mwezi wa saba alileta debe zake.

Mwaka wa kwanza tulikosea. Tulidai fedha mwezi wa pili, wakati ghala za watu ziko tupu, na waliolipa hawakufika nusu. Kibaya zaidi, watoto ambao wazazi wao hawakulipa walirudishwa nyumbani. Naona uchungu hadi leo. Mchango wa mzazi hauwezi kumnyima mtoto masomo, na waraka wa elimu bila malipo unakataza hivyo. Andikeni katika muhtasari wa mkutano, kwa maneno yasiyo na utata, kwamba kila mtoto aliyefika shuleni anakula.

Sasa hesabu. Sisi tunapika makande. Mtoto mmoja tunampimia gramu 140 za mahindi na gramu 50 za maharage kwa siku. Mwaka wa masomo una siku 194, kwa hiyo ni kama kilo 27 za mahindi na kilo 10 za maharage: debe moja na nusu la mahindi, na nusu debe la maharage. Mzazi ukimtajia debe anaelewa papo hapo, kwa sababu ndicho kipimo anachovunia. Kwa wanafunzi 320 mnahitaji magunia 87 ya mahindi yenye kilo 100 kila moja. Pokeeni kati ya mwezi wa sita na wa nane, mavuno yakiwa bado uani. Asiye na shamba alipe thamani ya debe kwa bei ya siku hiyo, na fedha yake ndiyo inunue chumvi, mafuta na kumlipa mpishi.

Hapo kwenye kupokea msione haya. Ng'ata punje: ikikatika kwa mlio, imekauka. Mahindi mabichi rudisheni yakaanikwe, hata kama ni ya mwenyekiti, kwa sababu gunia moja lenye unyevu huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu. Magunia yapangwe juu ya chaga, mbali na ukuta. Mkiweza, nunueni mifuko isiyopitisha hewa. Dumuzi hufa wenyewe humo bila dawa.

Stoo iwe na makufuli mawili. Ufunguo mmoja akae nao mwalimu wa chakula, wa pili mzazi anayeishi jirani na shule. Kinachotoka kipimwe kwa mizani na kuandikwa daftarini, na kila Ijumaa jumla ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Watu wakisoma wenyewe, manung'uniko hupungua sana.

Maharage yalowekwe usiku; nishati inapungua mno. Serikali imeshaagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, kwa hiyo msijenge jiko mtakalolibomoa. Sisi tulianza na jiko banifu la kuni, na sasa tunachangia gesi.

Kuhusu wasio na uwezo: orodha yao aijue mkuu wa shule na mwenyekiti wa bodi tu. Bibi anayelea wajukuu wawili kwetu huja kuchambua maharage kila Jumatatu, na daftarini ameandikwa kama mchangiaji yeyote.

Sahani na kijiko kila mtoto aje navyo, na jina lichongwe kwa msumari chini ya sahani. Rangi hufutika wiki ya kwanza.